Ghorofa za dhahabu: Ushirombo ijifunze nini kwa Kariakoo?

Na Mwandishi Wetu, Ushirombo

FEDHA ya dhahabu haikai mfukoni muda mrefu. Katika ukanda unaoanzia Kahama, kupitia Masumbwe na Ushirombo hadi Geita, mchimbaji au mnunuzi wa madini aliyefanikiwa hununua ng'ombe, gari au shamba, lakini akiba anayoiamini kuliko zote ni jengo. Jengo halifi kwa ugonjwa, halinywi mafuta na haliibwi usiku. Ndiyo maana miji ya ukanda huu inakua kwa tofali, na sasa imeanza kukua kwenda juu.

Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe mkoani Geita, bado si mji wa maghorofa marefu, na hilo ndilo linalofanya kipindi hiki kiwe cha thamani. Miji iliyotangulia, ikiongozwa na Dar es Salaam, ilijifunza umuhimu wa kanuni za ujenzi baada ya kuzika watu wake. Ushirombo na miji mingine ya rika lake ina nafasi ya kujifunza kabla ya msiba. Swali ni iwapo nafasi hiyo itatumika, au itapotea kiwanja kimoja baada ya kingine.

Mji wa zamani, kasi mpya

Kwa historia, Ushirombo si mahali pageni. Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kama White Fathers, walianzisha misheni hapo mwaka 1891. Kwa miongo mingi baada ya hapo eneo hilo la Wasumbwa lilibaki la wakulima na wafugaji, likihesabiwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012, Mkoa wa Geita ulipoundwa, Bukombe ilihamishiwa mkoa huo mpya na sehemu ya wilaya hiyo ikamegwa kuunda Wilaya ya Mbogwe.

Takwimu za sensa zinaeleza kilichofuata. Mkoa wa Geita ulikuwa na watu 1,739,530 mwaka 2012. Miaka 10 baadaye, katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, idadi hiyo ilifikia 2,977,608, ongezeko la zaidi ya asilimia 70. Bukombe yenyewe, hata baada ya kumegwa, ilipanda kutoka watu wapatao 224,500 hadi zaidi ya 400,000.

Sababu za ongezeko hilo hazijifichi. Ushirombo imekaa juu ya barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kwenda Rusumo, njia ya malori yanayopeleka mizigo Rwanda na nchi jirani. Dhahabu nayo imeongeza mzunguko wa fedha, hasa baada ya Serikali kufungua soko la madini mjini Geita Machi 2019, hatua iliyompa mchimbaji mdogo mahali halali pa kuuzia na kumwezesha kutumia fedha zake hadharani. Aidha, njia ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga inapita pia katika Mkoa wa Geita, Bukombe ikiwemo.

Mahali penye malori, dhahabu na watu wengi, kiwanja kinachotazama barabara hubadilika haraka. Kwanza kinakuwa na nyumba ya kuishi. Kisha ukuta wa mbele unavunjwa na kuwekwa fremu za biashara. Baadaye fremu zinavunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na gesti au jengo la ghorofa lenye maduka chini na vyumba juu. Njia hiyo ndiyo iliyopitwa na Kariakoo.

Kariakoo ilivyopanda juu

Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Viwanja vyake vilikuwa vidogo, vilivyokusudiwa nyumba za Kiswahili: vyumba vinavyotazamana, ukumbi katikati na uani nyuma. Aliyepima viwanja hivyo hakufikiria kwamba siku moja juu ya kila kimoja kitasimama jengo la ghorofa nne, sita au zaidi.

Mageuzi ya biashara huria ya miaka ya 1990 yaligeuza hesabu. Mwenye nyumba alikuwa na kiwanja lakini hana mtaji. Mfanyabiashara alikuwa na mtaji lakini hana kiwanja. Wawili hao wakaingia ubia: mmoja akatoa ardhi, mwingine akajenga, kisha wakagawana maduka na vyumba. Kariakoo ikawa soko la nchi nzima na la majirani, kuanzia Zambia na Malawi hadi Kongo na Komoro. Bidhaa nyingi zinazopangwa kwenye fremu za Kanda ya Ziwa hupitia huko.

Lakini wakati mtaa unapanda juu, mpango wa jiji ulikuwa umebaki nyuma. Dar es Salaam iliandaliwa mipango kabambe ya mwaka 1949, 1968 na 1979. Ule wa 1979 ulikusudiwa kuongoza jiji kwa miaka 20, na muda wake ulipokwisha hapakuwa na mwingine wa kushika nafasi yake. Kwa hiyo miaka ambayo maghorofa yalichipuka kwa kasi kuliko wakati wowote ndiyo miaka ambayo jiji lilikuwa na ramani iliyopitwa na wakati. Maji, majitaka, maegesho na njia za magari ya zimamoto vilibaki vya mtaa wa nyumba za chini.

Hilo ni somo la kwanza kwa Ushirombo. Maghorofa hayasubiri mpango, yanafuata fedha. Mpango ukichelewa, hukuta viwanja vimekwisha kujaa.

Makosa matatu, misiba mitatu

Majengo yaliyoporomoka katika Afrika Mashariki hayakuanguka kwa sababu moja. Ukiyachunguza, kila moja linafundisha jambo lake.

Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Taarifa za wakati huo zilieleza kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Jengo pacha lililokuwa jirani nalo likaamriwa kubomolewa. Siku 26 baadaye, Aprili 24, 2013, dunia ilishuhudia kosa la aina hiyo kwa ukubwa wa kutisha zaidi: jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza nchini Bangladesh, ambalo ghorofa zake za juu ziliongezwa bila kibali, lilianguka na kuua watu zaidi ya 1,100. Hapa kosa lilikuwa juu. Msingi na nguzo vilibebeshwa mzigo ambao havikuandaliwa kuubeba.

Novemba 16, 2024, siku ya Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa nne lililokuwa likitumika kwa biashara liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Zaidi ya watu 80 waliokolewa. Walioshuhudia walieleza kuwa kulikuwa na kazi ya ujenzi ikiendelea sehemu ya chini ya jengo huku maduka yakiwa wazi. Wamiliki wake walifikishwa mahakamani. Jengo hilo halikuwa jipya, lilikuwa limesimama kwa miaka na watu wamekwisha kulizoea. Msiba huo ulikumbusha kuwa jengo linaweza kuwa salama siku ya kukabidhiwa, kisha likageuka hatari siku mwenyewe anapotaka kuongeza nafasi ya duka.

Kosa la tatu lilionekana Huruma, Nairobi, Aprili 29, 2016. Jengo la makazi liliporomoka usiku wa mvua kubwa na takriban watu 50 wakapoteza maisha. Mamlaka za Kenya zilieleza kuwa jengo hilo lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa si salama na kutakiwa kubomolewa. Mkaguzi alifika, akaona, akaandika. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha alichoandika kinatekelezwa.

Hatari ya jengo linalokua kidogo kidogo

Miji ya ukanda wa dhahabu inaweza kurudia makosa yote hayo matatu. Lakini kuna jambo jingine linalotokana na namna fedha za hapa zinavyopatikana.

Majengo mengi ya wafanyabiashara wa kati hayajengwi kwa mkopo wa benki unaotolewa kwa ratiba. Yanajengwa kwa fedha taslimu, na fedha hizo huja kwa msimu. Mwaka wa neema, msingi unachimbwa na ghorofa ya chini inakamilika. Mwaka wa ukame kazi inasimama. Juu ya paa zinaachwa nondo zikichungulia angani, ishara kwamba mwenye mali hajamaliza. Miaka mitatu au minane baadaye fedha zinarudi, anaitwa fundi mwingine, na ujenzi unaendelea pale ulipoishia.

Tatizo ni kwamba fundi wa pili hajui alichofanya wa kwanza. Hajui msingi ulikwenda chini kiasi gani, nguzo zina nondo ngapi na za unene upi, wala ringi zimefungwa kwa nafasi ipi. Michoro, kama iliwahi kuwepo, iko nyumbani kwa mtu aliyehama. Nondo zilizoachwa wazi zimenyeshewa mvua za misimu kadhaa na kuanza kuliwa na kutu. Fundi hutazama nguzo kwa macho, akazigonga, akasema zinafaa. Zege lililokwisha kauka halionyeshi siri zake kwa kugongwa.

Udongo nao una kauli yake. Katika mabonde ya Usukuma na Usumbwa kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, udongo wa mbuga, ambao hufura wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba ya kawaida juu ya udongo huo hupata nyufa. Jengo la ghorofa likisimamishwa juu yake bila udongo kupimwa na msingi kusanifiwa kwa hali hiyo, linaweza kuzama upande mmoja. Viwanja viwili vinavyofuatana vinaweza kuwa na udongo tofauti, hivyo kunakili msingi wa jirani si kipimo.

Zege lenyewe linahitaji subira. Kwa utaratibu wa kihandisi, vipande vya mfano huchukuliwa wakati wa kumwaga zege na kuvunjwa kwenye maabara, kwa kawaida siku ya 7 na ya 28, ili kujua nguvu yake. Kwenye ujenzi wa haraka hatua hiyo hurukwa, na mirunda inayoshikilia slabu huondolewa mapema kwa sababu inahitajika kwenye jengo jingine au ni ya kukodi.

Wachimbaji wa ukanda huu wanaielewa hoja hiyo kuliko watu wengi wa mjini. Wanajua kuwa duara lisilo na matimba ni kaburi, na kwamba matimba huwekwa wakati wa kuchimba, si baada ya udongo kuanza kudondoka. Mwishoni mwa mwaka 2015, wachimbaji watano waliokolewa hai katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama baada ya kukaa chini ya ardhi kwa siku 41. Ilikuwa habari ya ajabu kwa sababu wengi wanaofukiwa hawatoki. Ghorofa linalojengwa kwa fedha za duara linahitaji nidhamu ileile ya duara.

Sheria zipo, macho ni machache

Haiwezi kusemwa kuwa nchi haina sheria. Bodi ya Usajili wa Wahandisi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi zinafanya kazi chini ya sheria za mwaka 1997. Wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi wana bodi yao. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003 na Sheria ya Mipango Miji ni ya mwaka 2007. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, na kwa jengo la ghorofa mwombaji hutakiwa kuwasilisha michoro ya msanifu na ya mhandisi. Mahali pa kazi panatakiwa kuwa na kibao kinachomtaja mwenye mradi, mkandarasi na mhandisi mshauri.

Pengo liko kati ya karatasi na kiwanja. Halmashauri ya wilaya ina vijiji, barabara, shule na zahanati za kusimamia katika eneo kubwa, na wataalamu wake wa majengo ni wachache. Mchoro unaweza kupitishwa ofisini leo na kazi ikafanyika kwa namna nyingine keshokutwa. Mwenye mali anaweza kukodi muhuri wa mhandisi ambaye hatafika kwenye kiwanja hata mara moja, kisha kazi yote akamwachia fundi mwashi.

Upande wa wenye mali nao una hoja ya kusikilizwa. Ada za wataalamu ni mzigo kwa mtu anayejenga kwa fedha za mkononi, na kibali kikichukua miezi mingi, bei ya saruji na nondo inaweza kupanda kabla hajaanza. Utaratibu ukiwa mgumu, wengine hujenga mwisho wa wiki na usiku. Halmashauri inayotaka kanuni zifuatwe inalazimika pia kufanya kibali kipatikane kwa muda unaojulikana na kwa gharama iliyoandikwa.

Historia inaonyesha kuwa nchi imekuwa hodari zaidi baada ya tukio. Mwaka 2006, baada ya jengo kuanguka Chang'ombe, Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, aliunda tume ya kukagua maghorofa ya Dar es Salaam. Mwaka 2024, baada ya Kariakoo, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda tume ya watu 19 kukagua majengo ya eneo hilo. Kati ya tume hizo mbili ilipita miaka 18, na katikati yake ukatokea msiba wa 2013. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa maghorofa, anayepuuza ufa huenda asipate nafasi ya kuujenga huo ukuta.

Nani anabeba hatari?

Katika majengo yanayoanguka, anayekufa mara nyingi si aliyeamua. Waliofukiwa Kariakoo ni watu waliokuwa kazini na sokoni: wafanyabiashara, wasaidizi wa maduka na wateja. Mpangaji wa fremu hulipa kodi, na katika maeneo yenye ushindani hulipa kilemba kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Analipia mahali, lakini haonyeshwi mchoro, haulizwi kuhusu msingi na hajulishwi ghorofa inapoongezwa juu ya kichwa chake.

Vivyo hivyo kwa mama lishe aliyeegesha jiko ukutani, dereva wa bodaboda anayesubiri abiria chini ya kibaraza na mlinzi anayelala ndani ya jengo lisilokamilika. Hawa hawamo katika mkataba wowote. Kinga yao pekee ni mamlaka ya umma kufanya kazi yake.

Hoja hii haina maana kwamba Ushirombo ibaki chini. Mji usiopanda juu hutanuka pembeni, na katika miji ya barabara kuu hutanuka kama kamba, kilomita baada ya kilomita kando ya lami. Mabomba ya maji yanakuwa marefu, mashamba yanamezwa, na watoto wanavuka barabara ya malori kwenda shule. Ghorofa mbili au tatu zilizojengwa vizuri katikati ya mji zinaweza kuokoa ardhi na gharama za huduma.

Yanayowezekana sasa

Hatua zinazohitajika hazisubiri bajeti ya jiji. Ya kwanza ni kutenga mapema eneo la katikati litakaloruhusiwa maghorofa, idadi ya ghorofa zake na upana wa mitaa yake, ili gari la zimamoto lipite na kugeuza. Kufanya hivyo wakati viwanja bado vina nafasi ni kazi ya wapima ardhi. Kufanya hivyo baadaye ni kazi ya fidia na mahakama.

Ya pili ni kukagua msingi kabla haujafunikwa. Halmashauri yenye mhandisi mmoja haiwezi kushinda kwenye kila jengo, lakini inaweza kuamua kuwa hakuna zege litakalomwagwa kwenye msingi, nguzo za chini na slabu ya kwanza kabla hajafika na kutia saini. Ya tatu ni kutunza michoro ya kila ghorofa katika ofisi ya halmashauri, na kuhesabu kila nyongeza, iwe ya juu au ya chini, kuwa ombi jipya linalohitaji nguzo za zamani kupimwa upya.

Ya nne ni kubandika orodha ya vibali kwenye mbao za matangazo za kata: kiwanja kipi, ghorofa ngapi, mhandisi nani. Jirani anayeona ghorofa ya nne ikipanda mahali palipoandikwa mbili atajua kuna kosa, na mpangaji atakuwa na la kuuliza kabla ya kulipa kilemba.

Hatua zote nne zinahusu kipindi kifupi, kile ambacho shimo la msingi bado liko wazi na nondo zinaonekana. Hapo kosa linaweza kusahihishwa kwa siku chache na mifuko kadhaa ya saruji. Likishafunikwa, mwenye mali, mpangaji na halmashauri wote wanaishi juu yake bila kulijua.